GATI LA LAMU NA MGONGO WA GARISSA

Ndugu Wafanyakazi wa Galbet na wa Garissa nzima,

Hapa mjini kuna maneno mawili yanayozunguka kama vumbi la soko la mifugo. La kwanza lasema: "Bandari ni mambo ya watu wa pwani. Sisi tuko nchi kavu, haituhusu." La pili lasema: "Ngojeni tu, barabara ikiisha bandari ya Lamu itawaletea kazi." Wanaosema la kwanza wamekata tamaa. Wanaosema la pili wanauza tamaa za wenzao. Chama hakikubali hata moja kati ya hayo mawili, na kurasa hizi zimeandikwa ili mjue sababu.

Tuanze na Kilindini, kwa kuwa asiyejua Kilindini hataijua Lamu. Jina lenyewe latokana na kilindi, yaani maji marefu. Lakini pamoja na urefu wa maji yake, zamani meli kubwa hazikufunga ukingoni. Zilitia nanga katikati, matishali yakaenda ubavuni, mzigo ukashushwa ndani ya tishali, tishali likavutwa pwani, na kutoka hapo gunia likapanda ufuoni juu ya bega la mtu. Upande wa pili wa kisiwa, chini ya Ngome ya Yesu, palikuwa na Bandari ya Kale ya majahazi, nako mambo yalikuwa yale yale: bega na ngazi. Hiyo Ngome Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na mchoraji wake, Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, anatajwa hadi leo. Waliokata mawe ya matumbawe na kuyapandisha ukutani hawatajwi. Anzeni kuhesabu hapo, maana hesabu hii ni ndefu.

Mwaka 1896 ilianza kujengwa reli kutoka Mombasa, na mwaka 1901 ikafika Ziwani. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 kati yao walikufa kazini. Mtu wa Garissa aseme nini hapo? Aseme hivi: bandari haiishii majini. Bila reli ile Kilindini ingebaki mahali pa kuvulia samaki. Tumbo la bandari ni njia ile inayoingia nchi kavu, na kila mji ulioko njiani ni kiungo cha bandari, upende usipende. Voi, Mtito Andei, Nairobi, Nakuru, Kisumu, yote ilikuwa Kilindini hata kama hakuna aliyesikia harufu ya chumvi. Sasa njia ya Lamu imechorwa ipite Ijara, ije Garissa, iende Isiolo, kisha igawanyike kwenda Ethiopia na Sudani ya Kusini. Kwa hiyo sisi hatuko mbali na bandari. Sisi ni mgongo wake.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia yakaanza kujengwa magati ya maji marefu huko Kilindini, na kufikia mwaka 1931 yalikuwa matano. Ilikuwa kazi ya akili, hatukatai. Ukuta wa gati umeshuka wima ili meli ilale ubavu kwa ubavu nao. Juu ya gati, kreni zinazotembea juu ya reli zake. Nyuma ya kreni, mabohari marefu. Kando ya mabohari, reli ya mabehewa. Mzigo ulitoka tumboni mwa meli ukaingia bohari, ukatoka bohari ukaingia behewa, na kila hatua yake ilikuwa imepimwa kwa futi na inchi. Jambo moja tu halikupimwa: yule anayeingia ndani ya meli kuufunga mzigo kamba, na yule anayeupokea chini, usiku analala wapi na kesho atakula nini.

Msidhani tunatia chumvi. Mwaka 1939, mwezi wa Julai na Agosti, mgomo ulianza Mombasa kwa vibarua wa idara ya Serikali ya ujenzi, ukaenea mji mzima hata ukafika kwa makuli wa bandari. Kilio kilikuwa nini? Nyumba! Kodi ya chumba ilikuwa inakula mshahara kabla mshahara haujamfikia mwenyewe. Serikali ikaunda tume chini ya Bwana Willan, nayo tume ikaona kwa macho yake kwamba watu hawana mahali pa kulala. Magati yalikuwa yamekwisha kujengwa kwa mawe na chuma, lakini ilibidi watu wagome ndipo mkubwa aulize kibarua anaweka kichwa chake wapi.

Kazi ya gati yenyewe ilikuwa ya siku. Asubuhi watu walijaa langoni, nyapara akasimama mbele, akanyosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Aliyenyoshewa kidole alikula. Aliyeachwa alirudi Majengo na njaa yake. Wako wazee wa pwani watakaowaambia kwamba kibarua cha siku kilikuwa na uhuru wake, kwamba mtu akichoka hakwenda, na hakuna wa kumfukuza. Ni kweli, na tusiwacheke. Ila uhuru huo ulikuwa wa yule mwenye shamba la minazi au mihogo la kurudia huko kwao. Aliyetoka mbali, asiye na mnazi hata mmoja, uhuru wake ulikuwa wa kulala njaa bila kuomba ruhusa.

Kisha ukaja mwaka 1947. Tarehe 13 Januari watu wapatao 15,000 waliweka kazi chini mjini Mombasa: makuli, watu wa reli, matarishi, maboi wa nyumbani, wa mahotelini. Mji ulisimama siku 12. Mikutano ilikuwa kila siku kwenye kiwanja cha mpira, na hapo ndipo lilipozaliwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika ambalo kiongozi wake aliyejulikana zaidi ni Chege Kibachia. Mjumbe Eliud Mathu alitumwa kutoka Nairobi kuwasihi watu warudi kazini, wakarudi kwa ahadi ya kusikizwa, na mishahara ikaongezwa kwa amri ya baraza la Jaji Thacker. Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule ule Kibachia alikamatwa akapelekwa kizuizini Kabarnet, mbali na bahari, akakaa huko miaka mingi. Angalieni basi thamani ya shilingi ile ya nyongeza. Ililipwa na mtu mmoja kwa ujana wake.

Mwaka 1954 Chama cha Wafanyakazi wa Bandari kikaandikishwa. Machi 1955 makuli wakagoma tena, na Tom Mboya, katibu wa shirikisho la vyama wakati huo, akasimamia mashauri hadi ikapatikana nyongeza ya asilimia 33. Katika miaka hiyo hiyo kazi ya langoni ikaanza kubadilika: vibarua wakaandikwa kwenye daftari, wakapewa namba, na kidole cha nyapara kikapungua nguvu. Someni miaka hiyo vizuri, ndugu. Magati matano yalikuwa tayari mwaka 1931. Heshima ya mtu wa gatini ilianza kupatikana karibu miaka 25 baadaye, na kila kipande chake kiliombwa, kikakataliwa, kikagomewa, ndipo kikatolewa. HAKUNA HATA KIPANDE KIMOJA KILICHOKUJA CHENYEWE KWA SABABU MELI ZIMEFIKA.

Basi huyo anayekwambia "ngoja, bandari italeta kazi" mwulize: bandari gani katika historia ililetea watu kazi ya haki kwa kungojwa?

Sasa twende Lamu. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Kibaki, pamoja na Salva Kiir wa Sudani ya Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, waliweka jiwe la msingi huko Ghuba ya Manda. Mpango ni magati 32. Matatu ya kwanza yalijengwa na kampuni ya Kichina ya CCCC, na tarehe 20 Mei 2021 Rais Uhuru Kenyatta akafungua la kwanza. Kila gati lina urefu wa mita 400, na maji yake yamechimbwa kufikia mita 17.5, kina cha kuchukua meli kubwa sana za siku hizi. Mtu akisimama pale asitafute mabohari marefu kama yale ya zamani ya Kilindini, kwa kuwa hii ni bandari ya kontena. Ni uwanja mpana wa zege, kreni ndefu kama twiga, na nafasi tupu. Kilindini ilijengwa ikimhitaji mtu kila hatua, wala haikumheshimu. Lamu imejengwa kana kwamba mtu hatakuwako kabisa. Picha zake ni nzuri mno. Mimi nimeziangalia nyingi, na katika nyingi ya hizo sikumwona mtu isipokuwa mkubwa anayekata utepe.

Lakini watu walikuwako. Walikuwako wavuvi wa Lamu, ambao maji yao yalichimbwa na mikoko yao ikakatwa. Hawakuulizwa sawasawa. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Malipo yenyewe yalizungushwa miaka baada ya hukumu, hilo tunalijua. Hata hivyo kuna funzo ambalo mtu wa Galbet asiliache lipite. Wavuvi wale walihesabiwa kwa sababu walikuwa na orodha yao, majina kwa majina, kijiji kwa kijiji, na wakasimama nyuma ya orodha hiyo. Mtu asiyekuwa kwenye orodha hakuna mahakama itakayomwona.

Na walikuwako wajenzi wa barabara. Barabara ya Lamu, Ijara hadi Garissa haikujengwa kwa amani. Mwaka 1947 mfanyakazi aliogopa kizuizi. Mwaka 2022 mfanyakazi wa barabara hii aliogopa risasi, na mwaka 2023 bomu la kutegwa ardhini, na watu walikufa wakiwa kazini. Gazeti liliandika habari hizo siku mbili kisha likaenda kwenye siasa. Chama kinauliza: waliokuwa vibarua wa siku kati yao, familia zao zilipewa nini? Sheria ya Fidia kwa Walioumia Kazini ya mwaka 2007 haisemi kwamba fidia ni ya wenye ofisi peke yao. Kibarua naye ni mfanyakazi. Lakini mjane atadaije, ikiwa marehemu hakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake na jina la aliyemwajiri?

Hapa ndipo tunafika kwa ugonjwa wetu wenyewe, na nitausema waziwazi hata kama wengine watanuna. Ugonjwa huu unaitwa DALALI WA KAZI. Mnamjua. Anakaa mkahawani karibu na Soko Mugdi, simu mbili mkononi, chai mbele yake. Mkandarasi anamwambia, "Nataka watu 30 kesho alfajiri." Yeye ndiye anayechagua. Mshahara unapitia kwake, na ukitoka kwake umekonda. Mimi mwenyewe nilibeba saruji kwa mkandarasi mmoja, jina lake silitaji, miezi saba mfululizo, nalipwa kila jioni kama mtu aliyeanza kazi asubuhi ile. Mguu ulipoumia mwezi wa nane dalali akasema, "Wewe si wetu, wewe ni kibarua wa jana." Wa jana! Kwa miezi saba!

Na huyu dalali anatumia nini kutugawanya? Anatumia ukoo. Kwa huyu anasema, "Nafasi hizi ni za ukoo wako, usiwaache wale wazichukue." Kwa yule anasema, "Nyinyi watu wa bara mnafanya kazi kwa bei nafuu, njoni, ila msiwaambie Wasomali." Kwa mwenyeji wa ng'ambo ya mto, kule Madogo, anasema la tatu. Wote wakishagombana yeye anapunguza bei. Je, nyapara wa Kilindini hakufanya hivyo hivyo? Alikuwa na Mmijikenda, Mjaluo, Mkikuyu, Mkamba na Mwarabu langoni, na alijua kumpiga huyu kwa jina la yule. Mgomo wa 1947 ulimshinda kwa sababu kwa siku 12 hakupata wa kumpiga mwenzake. Hatusemi ukoo ni kitu kibaya. Ukoo unazika, unaoza, unachangia mgonjwa. Lakini ukoo haujui kusoma mkataba wa kazi, na ukiusukuma kwenye lango la mkandarasi unakuwa fimbo ya mkandarasi.

Kuna bwana mmoja msomi aliniambia hivi: "Mnapoteza wakati. Bandari ya kontena haihitaji hamali. Kreni moja inafanya kazi ya gengi zima." Nusu ya maneno yake ni kweli, nami sitamficha mtu. Kilindini kontena zilipoanza kuja katika miaka ya 1970 magengi yalipungua, na kituo kipya cha kontena kilichofunguliwa mwaka 2016 kilizidi kuonyesha njia hiyo. Lakini kontena halijijazi lenyewe. Limejazwa na mikono mahali fulani, na litafunguliwa na mikono mahali fulani. Swali ni MAHALI GANI, na kwa malipo ya nani. Ng'ombe na ngamia wa soko la Garissa, soko kubwa kuliko mengi katika Afrika Mashariki, hawapandi lori kwa kreni. Wanapandishwa na vijana wa hapa, kwa fimbo na kelele, na wengine wamevunjwa mbavu. Dereva na utingo wake, fundi wa magurudumu, mlinzi wa yadi ya malori, mama anayepika chakula njiani, karani anayehesabu: hawa wote ni wafanyakazi wa bandari ingawa bahari hawajaiona. Na huyo atakayekaa juu ya kreni, kwani kreni ina kabila? Anafundishwa. Nani katika vijana wa Galbet anafundishwa leo?

Tena msomi huyo asisahau yaliyotokea mwaka 2019. Serikali iliagiza mizigo ya Mombasa ipakiwe kwenye reli mpya ipelekwe Nairobi. Kwa agizo moja, bila gati hata moja kubomoka, madereva, mafundi na wenye mikahawa ya njiani wakaona riziki yao inahama. Watu wa Mombasa wakaingia barabarani wiki baada ya wiki, na agizo likalegezwa. Septemba 2022 Rais mpya, Ruto, akatangaza siku ya kuapishwa kwake kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Mnaona? Kalamu moja inaweza kuhamisha kazi ya miji mitano, na kalamu hiyo hiyo inaweza kurudishwa nyuma na miguu ya watu. Mwaka 2023 Mamlaka ya Bandari ilitafuta wawekezaji wa kuendesha magati ya Lamu na baadhi ya magati ya Mombasa, na chama cha wafanyakazi wa bandari kikapiga kelele mapema, kabla ya wino. Sisi wa njiani tulikuwa wapi? Tulikuwa tunangoja.

Kabla sijafika kwenye la kufanya, neno moja juu ya bandari yetu wenyewe. Msicheke. Garissa ni mji wa mto. Mwaka 1891 stima iliyoitwa Kenia, ya kampuni ya Waingereza, ilipanda Tana kutoka baharini ikitafuta njia ya biashara, ikaonekana mto una fikra zake, njia ikaachwa. Mvua kubwa za Novemba 2023 zilipokata barabara kati ya Garissa na Madogo, pale Kona Punda pakawa bandari kwa wiki nzima nzima. Watu, unga, wagonjwa na barua, vyote vilivuka kwa boti. Hapakuwa na gati, wala ubao wa kukanyagia, na mara nyingi hapakuwa na jaketi la kuokolea. Aprili 2024 maji yalirudi, na tarehe 28 boti lililojaa abiria likapinduka. Watu 23 waliokolewa. Wengine maji yaliwachukua. Nchi iliyochimba mita 17.5 huko Lamu kwa ajili ya meli ya kigeni haikuweza kumwekea mtu wa Garissa ubao na kamba! Waliokuwa wakiendesha boti zile walikuwa wafanyakazi kama sisi, wakilipwa kwa safari, na kila aliyelipwa kwa safari anajua kishawishi cha kumwongeza abiria mmoja. Lawama ya kwanza ni ya wale waliowaacha wafanye kazi hiyo bila mwangalizi wala kifaa.

Sasa la kufanya. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema hivi kwa ufupi: kibarua wa siku akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si pungufu ya mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyoweza kwisha kabla ya miezi mitatu, si kibarua wa siku tena. Anakuwa mfanyakazi wa mwezi, na hawezi kufukuzwa jioni kama mbuzi aliyeingia shambani. Akipita miezi miwili mfululizo, anastahili masharti kama mtu ambaye hakuanza kama kibarua. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama na haki ya kugoma. Haya yameandikwa. Dalali anajua yameandikwa, ndiyo maana anapenda kukupumzisha siku mbili kila baada ya wiki tatu. Alidhani ni huruma yake kwa mgongo wako? Anakata mfululizo.

Kwa hiyo Chama kitadai daftari la vibarua lifunguliwe hapa Garissa sasa, kabla malori ya Lamu hayajawa mengi, watu waandikwe kwa majina na kwa zamu, dalali asiwe na kalamu. Kitadai kila mkandarasi wa barabara hii aonyeshe karatasi ya bima ya fidia kwa watu wake wote, pamoja na wa siku. Kitadai Serikali ya Kaunti ijenge kivuko cha heshima Kona Punda, chenye ubao, kamba na majaketi, mvua isije ikatukuta tena tukihesabu maiti. Wala hatutakwenda ofisini mikono mitupu, maana tukienda hivyo tutaulizwa, "Ninyi mnasemea watu gani?"

Nunua daftari dogo la shule. Kila jioni andika tarehe, mahali ulipofanya kazi, kazi gani, jina la aliyekuita, jina la mkandarasi, na pesa ulizopokea. Siku uliyopumzishwa iandike pia, na sababu uliyopewa. Ikiwa hujui kuandika, mwambie mwanao akuandikie. Watoto wa Galbet wanasoma. Hamali wa mifugo, utingo, mwenye boti, kibarua wa kokoto, wote. Likijaa mwezi mmoja, lilete kwa mjumbe wa Chama wa bulla yako. Atanakili, atakurudishia daftari lako siku hiyo hiyo, na hatamwonyesha mtu yeyote bila ruhusa yako.